Picha Ni Yako, Ushahidi Uko Wapi?

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza kazi ya kupiga picha huniuliza swali moja kabla hata hawajazoea uzito wa kamera: je, ni lazima nisajili picha zangu ndipo ziwe mali yangu? Jibu la sheria ni fupi. Hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unataka haki hiyo isitegemee usajili wala utaratibu mwingine wowote, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 imesimama juu ya msingi huohuo. Unaweza kuandikisha kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na Kenya wapo KECOBO, bodi yao ya hakimiliki, nami nakushauri uandikishe zile zinazokupa riziki. Lakini usajili huo ni ushahidi wa haki ambayo tayari unayo. Ugumu huja siku unapoulizwa uthibitishe.

Miaka kadhaa iliyopita niliamkia Feri, soko la samaki la Kivukoni jijini Dar es Salaam, nikampiga picha dalali aliyekuwa amemnyanyua jodari kwa mkia huku akitaja bei. Niliipenda sana picha ile, nikamtumia rafiki yangu kwa WhatsApp, naye akaisambaza kwenye kundi lao. Miezi minane baadaye niliiona kinyozini, kwenye kalenda ya kampuni moja, imekaa juu ya mwezi wa Agosti. Nilipofika ofisini kwao, afisa masoko hakunifukuza wala hakunitukana, aliniuliza kwa upole, "Kaka, sisi tuliletewa na mtu wa matangazo. Tutajuaje kuwa ni yako?"

Nilikasirika, ingawa swali lake lilikuwa la haki kabisa. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa ili iwe nyepesi, na taarifa zilizomo ndani ya faili, yaani tarehe, aina ya kamera na jina la mpigapicha kama aliliandika, huondolewa njiani. Faili waliyokuwa nayo ilikuwa yatima. Kilichoniokoa ni uvivu wangu wa kufuta. Kwenye diski nyumbani nilikuwa bado nina faili ghafi ya picha ile, yaani kama ilivyotoka kwenye kamera, pamoja na fremu zilizoitangulia na zilizoifuata: moja dalali amefumba macho, nyingine kijana mwenye ndoo ya bluu amekatiza mbele ya lenzi, nyingine imeungua kwa jua. Nilizipanga mezani kwake kwa mfuatano, na maswali yakaisha. Aliyechukua picha mtandaoni huwa na picha moja, ile nzuri. Mwenyewe ndiye mwenye zile mbaya. Walinilipa, ila jina langu halikuwekwa, kwa kuwa kalenda zilikuwa zimeshachapwa na kugawiwa. Haki ya kutajwa imo katika sheria sambamba na ile ya kulipwa, na ndiyo ambayo ni vigumu zaidi kuirudisha ikishapotea.

Basi usifute fremu mbovu za kazi yenye thamani. Weka nakala mbili, na moja ikae nje ya nyumba unayolala. Jaza jina lako ndani ya mipangilio ya kamera, na unapotuma kwa WhatsApp, tuma kama hati ili taarifa za faili zibaki. Nembo kubwa katikati ya picha mimi siipendi, kwa sababu huiharibu picha na bado mtu mwenye programu ya kawaida ataifuta kwa dakika chache.

Jambo la pili ni maandishi kati yako na mteja, na hapa ndipo wengi huumia bila kuibiwa na mtu yeyote. Mteja akishalipa huamini kuwa amenunua kila kitu, nawe huamini kuwa umemwazima tu, kisha mwaka unapita na picha za hoteli zinaonekana kwenye bango la wakala wa utalii. Kumkabidhi mtu picha hakuhamishi hakimiliki. Kuihamisha hasa, au kumpa mtu mmoja ruhusa ya kuitumia yeye peke yake, ni mambo ya kuandikwa na kutiwa saini. Kwa kazi ndogo mimi hutuma ujumbe wa namna hii na kusubiri mteja ajibu "Nakubali": "Picha 12, kwa matumizi ya tovuti na ukurasa wa Instagram wa hoteli, kwa mwaka mmoja; haziuzwi wala hazipewi mtu mwingine; jina la mpigapicha litajwe." Ukiwa umeajiriwa kwa mshahara, hesabu hubadilika, kwani haki za kiuchumi mara nyingi huwa za mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Usome kabla hujatia saini.

Nami pia nimewahi kuwa upande wa mkosaji. Nikiwa mgeni katika kazi hii nilitengeneza kipeperushi, nikachukua picha ya ufukwe niliyoipata kwa kutafuta Google, na chini yake nikaandika "Picha: Mtandao", nikidhani nimetenda uungwana. Mtandao haupigi picha. Mpigapicha aliniandikia, tena kwa Kiswahili cha Mombasa chenye adabu iliyonitia aibu zaidi ya matusi, na fidia niliyomlipa ilizidi ujira wa kipeperushi chote. Ukihitaji picha ya bure, tafuta zenye leseni za Creative Commons, yaani ruhusa ambayo mwenye kazi huwapa watu wote kwa masharti, ambazo zimekuwepo tangu mwaka 2002, kisha usome sharti la kila moja: nyingi zinadai umtaje mwenye kazi, baadhi zinakataza biashara, nyingine zinakataza kuibadilisha. Yenye sharti la kutofanyiwa biashara haiwezi kukaa kwenye tangazo la sabuni, hata ukiandika jina la mpigapicha kwa herufi kubwa.

Wazo halina hakimiliki, kwa hiyo mwenzako akienda Feri kesho na kumpiga picha dalali yuleyule, huna la kumdai. Jina na nembo ya studio yako ni suala jingine, la alama za biashara, na hilo husajiliwa kweli: BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa Tanzania Bara, na Zanzibar ina taasisi yake yenyewe.

Ukiikuta picha yako kwenye ukurasa wa mtu, mitandao mikubwa ya Marekani ina fomu za kuomba iondolewe, chini ya sheria yao ya mwaka 1998. Kenya nayo iliweka utaratibu unaofanana na huo katika marekebisho ya mwaka 2019. Piga picha ya skrini kwanza, pamoja na anwani ya ukurasa na tarehe, kwa maana ushahidi hufutwa haraka kuliko picha. Kumbuka pia kuwa mlalamikiwa anaruhusiwa kujibu, na kwa sheria ile ya Marekani akishajibu, picha iliyoondolewa hurudishwa ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi, isipokuwa wewe uwe umefungua kesi. Kijana mmoja niliyemfundisha alijaza fomu hiyo kwa hasira dhidi ya duka la nguo, ukurasa ukaathirika, na wenye duka wakajibu kwa kuambatanisha ruhusa yake mwenyewe. Kijana huyo aliitoa miezi sita kabla, kwa ujumbe wa sauti, akiwa ndani ya daladala.