Seli "huitikia mwanga" au "huitikia kwa mwanga"?

SWALI: Ninawaandalia wanafunzi wangu wa kidato cha sita muhtasari kuhusu ubongo na uonaji. Niliandika: "Seli hizi zinahisi mstari na kuitikia kwa mwanga." Mwenzangu kapiga mstari chini ya "zinahisi" na "kwa". Kosa liko wapi? (Mwalimu wa Biolojia, Morogoro)

JIBU: Mwenzako ana haki, hasa kwa hiyo "kwa". Kitenzi kuitikia hakihitaji kiungo mbele ya kinachoitikiwa: mtu huitikia wito, huitikia salamu. Ukiingiza "kwa" umetaja namna au chombo: aliitikia kwa kichwa, wakaitikia kwa sauti moja. Kwa hiyo seli inayoitikia kwa mwanga ni seli inayojibu kwa kuwaka, kama kimulimuli! Andika "huitikia mwanga", yatosha.

Kuhisi ni jambo zito zaidi, maana hapo lugha inagusa sayansi yenyewe. Mwaka 1958, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, wanasayansi David Hubel na Torsten Wiesel walichomeka elektrodi nyembamba, waya wa kunasa ishara za umeme za seli, kwenye gamba la ubongo wa paka, upande wa nyuma unaopokea habari za macho. Wakamwonyesha vitone, seli kimya. Walipokuwa wakipachika kipande cha kioo chenye kitone kwenye projekta, kipaza sauti kilichogeuza ishara za seli kuwa sauti kikarindima ghafla. Kilichoiamsha seli si kitone, bali kivuli cha ukingo wa kile kioo, kilichopita machoni pa paka kikiwa na mwinamo fulani. Mwinamo ukibadilika, seli hunyamaza. Kazi iliyoanzia hapo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Sasa, paka yule alikuwa amepewa nusukaputi. Hakuhisi kitu, lakini seli yake iliitikia. Kuhisi tumwachie mwenye fahamu zake.

Nakuongezea moja ambalo hukuuliza, kwa kuwa utalifikia tu: seli za kundi jingine, zinazotoa kemikali ya GABA. Usiseme "hukataza", kukataza ni kwa amri au maneno. Hizi huzuia, na kitenzi kuzuia hupenda kufuatwa na kikanushi -si-: nilimzuia asiende. Sentensi yako basi isomeke hivi: "Seli hizi huitikia mstari wenye mwinamo fulani, nyingine, zinazotoa GABA, huzuia seli jirani zisitume ishara."