Nyumbu hawana miadi na mtu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia hivi: "Dada, hongera kwa zile picha za Mto Mara. Mwezi Machi mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Na sisi tunataka kulala kwenye hema la kifahari kama lile lako, tuone nyumbu wakivuka. Tumetenga siku mbili. Nianzie wapi mdogo wako?"

Nilicheka, halafu nikaona aibu kwa kucheka, maana ujumbe huo ningeweza kuuandika mimi mwaka 2022, neno kwa neno. Jibu fupi ni kwamba Machi huwezi kwenda Mto Mara ukakuta nyumbu wanavuka, na siku mbili hazitoshi hata ukienda mwezi wenyewe. Jibu refu ndilo hili, na itabidi nianike mambo ya nyumbani kwangu.

Mimi nimekulia Bunda. Kwa asiyepajua, ukitoka Mwanza kwenda Musoma unapita mlangoni kabisa mwa Serengeti, pale Ndabaka. Nimepita pale kwa basi tangu nikiwa mtoto wa kupakatwa. Daraja la Kirumi nimelivuka mara zisizohesabika bila kujali kwamba maji yale yanayopita chini ndiyo Mto Mara wenyewe, huo ambao watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuukodolea macho. Lakini mpaka natimiza miaka 38 sikuwahi kuingia hifadhini hata siku moja. Kiingilio cha Mtanzania si kitu cha kumshinda mtu anayechangia harusi tatu kwa mwaka. Sababu sikuwa nayo. Niliona tu kwamba mle si mahali petu.

Mwaka 2022 duka langu la vitambaa lilisimama vizuri, na kikoba chetu kilipovunjwa nikamwambia baba watoto: mwaka huu hatununui sofa. Nane Nane iliangukia Jumatatu, kwa hiyo tulikuwa na siku tatu kamili. Nikampata wakala mtandaoni, nikamwambia nataka kambi ya kifahari ya kuona uhamaji wa nyumbu. Akanitumia picha: kitanda chenye chandarua cheupe, beseni la kuogea linalotazama nyika, viti vimezunguka moto jioni. Mimi nilitazama hema. Nililitazama hema lile wiki nzima, nikawaonyesha mashoga zangu, nikalipa. Swali moja tu sikuuliza: hema lenyewe liko wapi?

Tuliingia kwa Ndabaka asubuhi. Nilikuwa nimevaa gauni la bluu iliyokoza, jipya, nimelishona mwenyewe kwa ajili ya picha. Hakuna aliyeniambia kwamba ndorobo wanapenda bluu na nyeusi kama nzi wanavyopenda embe. Ukanda ule wa magharibi wamejaa. Mpaka tunafika Seronera, katikati ya hifadhi, mchana nilikuwa nimevimba miguu na shingo, na baba watoto, aliyevaa kaki kuukuu, hana hata alama moja.

Kambini tulipokewa na kijana nadhifu mwenye sinia la juisi na vitaulo vya kufutia uso. Mbele yetu lilitangulia gari la wazungu wanne. Akawapa juisi, akawapa vitaulo, akawaongoza ndani. Kisha akarudi kwetu akatuuliza kwa upole kabisa: "Wageni wenu wako wapi?"

Baba watoto akamjibu, "Wageni ndio sisi."

Kijana aliomba radhi kweli kweli, na siku zote zilizobaki alituhudumia kama wazazi wake. Simlaumu. Lakini sentensi ile ninayo mpaka leo, na nikisema nimeisahau nitakuwa mwongo.

Jioni nikamuuliza dereva: kesho nyumbu tunawaona saa ngapi? Akanyamaza kidogo, akaniambia, "Mama, nyumbu wako Kogatende." Kogatende iko kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Kenya. Kutoka Seronera ni mwendo wa saa tatu hadi nne kwa barabara ya vumbi, kwenda tu. Tukaondoka alfajiri tukiwa na vyakula kwenye maboksi. Tulipofika mtoni dereva wa gari lingine akatuambia wamevuka saa tatu asubuhi, kundi kubwa sana. Sisi tulikuta tai na kwato kwenye tope. Tukangoja mpaka saa nane, ikabidi tugeuze, kwa sababu kuendesha usiku hifadhini hairuhusiwi. Nimekuwa mjinga wa mambo mengi maishani, ila sijawahi kulipia ujinga kwa bei ile: shilingi 3,400,000 kwa watu wawili.

Usiku ule mtandao ulishika kidogo, nikatuma picha moja kwenye kundi la familia. Wifi yangu akajibu: "Mbona majani matupu? Hela yote hiyo umelipia malisho?" Watu kumi na moja wakacheka. Niliwahesabu.

Sasa nikueleze nilichojifunza baadaye, kwa kuulizauliza madereva, ambao wanajua kuliko wakala yeyote mwenye picha nzuri. Nyumbu hawasafiri mara moja kwa mwaka kama watu wanaokwenda kuhesabiwa Moshi Desemba. Wanazunguka mwaka mzima, zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia wapatao laki mbili na swala, na kinachowaongoza ni mvua na majani mapya. Januari mpaka Machi wako kusini, nyanda za Ndutu, kule kwenye majani mafupi yaliyoota juu ya majivu ya volkano. Majani hayo yana madini yanayowafaa mama wanaonyonyesha, na ndiyo maana wanazalia huko: ndama kama laki tano ndani ya wiki chache tu, kilele chake Februari. Masika ikikolea wanapanda kuelekea katikati na magharibi, Juni wanakuwa upande wa Mto Grumeti, na kuanzia Julai mpaka Oktoba wanatapakaa kaskazini, Kogatende na Lamai, wengine wakiingia Maasai Mara. Vuli ikianza kunyesha, Novemba hivi, wanarudi kusini.

Lakini hiyo ni ratiba ya mvua, na mvua haisomi kalenda. Nyumbu hawana kiongozi. Hawana miadi na mtu. Leo wanavuka kwenda, kesho wanarudi ng'ambo waliyotoka kwa sababu wingu limenyesha upande ule. Na hili wengi hawalijui: kuona wakivuka Mto Mara huhitaji kwenda Kenya. Mto unapita ndani ya Serengeti yetu, Kogatende ng'ambo hii, Lamai ng'ambo ile.

Basi Septemba iliyopita nikarudi. Miaka mitatu nimedunduliza. Safari hii sikuomba picha ya hema. Niliuliza maswali matatu, na ndiyo nakupa bure. Mwezi huo kambi itakuwa imesimikwa wapi? (Kambi nyingi za kifahari ni za kuhama: miezi ya mwanzo wa mwaka ziko Ndutu, Julai zinang'olewa kupelekwa kaskazini. Jina la kambi halikwambii kitu.) Kutoka kambini mpaka mtoni ni dakika ngapi kwa gari? Na bei ya Mtanzania ni ipi? Hilo la tatu usipouliza hakuna atakayekwambia, na tofauti yake inaweza kukununulia usiku mzima wa ziada. Nilivyouliza, wakala wa kwanza akakata simu. Wa pili akanijibu vizuri.

Tukalipia siku nne Kogatende, dakika ishirini kutoka mtoni. Tulipanda ndege ndogo Arusha, zile zinazoshusha na kupakia kila kiwanja kama daladala. Mzigo mwisho kilo 15, na begi liwe laini. Mimi nilikwenda na sanduku gumu la magurudumu, maana sijifunzi yote kwa mara moja. Nilihamishia nguo kwenye mfuko wa shangazi kaja mbele ya abiria wenzangu, viatu vya kisigino vikabaki Arusha. Sikuvikumbuka hata kidogo.

Siku ya kwanza tulingoja kwa muda wa saa tatu, hakuna kitu. Siku ya pili tulikuwa mtoni kabla ya saa mbili asubuhi. Walikusanyika maelfu kwa maelfu, wanalia kama vyura wa masika, wanasogea mpaka ukingoni. Pundamilia mmoja akainamisha shingo anywe, akashtuka na kitu, akaruka nyuma, na kundi zima likageuka likakimbia. Tumekaa mpaka saa tisa kwa ajili ya pundamilia mmoja mwoga. Redioni madereva wakaanza kuitana, kuna sharubu amelala kwenye mawe kule nyuma, nendeni mkamwone. Magari mengi yakaondoka kwenda kuangalia simba. Sisi tukabaki. Baba watoto akasinzia. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya safari hii na ile ya kwanza: sikuwa na haraka. Nilikuwa na kesho, na keshokutwa.

Siku ya tatu, saa nne na dakika arobaini. Mmoja akajitosa, tu. Wala si mkubwa wala si jasiri kwa kumtazama. Wa pili akamfuata, na baada ya hapo hukuweza kuhesabu tena. Vumbi lilisimama kama moshi wa kuchoma mkaa. Walikuwa wanaruka juu ya migongo ya wenzao, mstari unapindwa na maji unakwenda kutokea chini zaidi, na pale kwenye mwamba palipokuwa hapapandiki walirundikana wakisukumana. Watu wanangoja mamba, na mamba walikuwepo, wawili. Lakini niliowaona wakifa, wengi walikufa kwa kuzama na kukanyagwa. Kuna ndama alivuka, akafika, akageuka kumtafuta mama yake, akarudi majini peke yake kinyume cha wote. Alifika alikotoka. Mama yake sijui kama alikuwa huko.

Dakika ishirini na tano. Nililia, na dereva akajifanya anasafisha kioo.

Kitu kimoja kiliniudhi. Magari mawili yalishuka mpaka ukingoni wakati kundi la nyuma bado linajipanga, abiria wamesimama juu ya paa wanapiga kelele. Kundi lile likakatika, nusu wakabaki. Ukimlipa dereva wako bakshishi ili avunje taratibu, wewe ndiye umevunja. Mwambie mapema, siku ya kwanza: sisi hatuna haraka, usitusogeze karibu. Utaona anavyopumua.

Mashoga wameniuliza sana kuhusu hema. Lilikuwa zuri. Maji ya kuoga yanapashwa kwa kuni na kumiminwa kwenye ndoo inayoning'inia nyuma, unasema "tayari" na yanashuka. Asubuhi mtu anakuja gizani na chai na biskuti anapiga hodi. Usiku hutoki bila askari wa kukusindikiza, hakuna uzio, na fisi utawasikia. Baridi ya alfajiri ni ya koti zito, usidanganywe na picha. Mengine ni kitanda tu, na kitanda unacho nyumbani.

Nasema hivi kwa sababu najua na wewe unaota beseni lile. Hata mimi niliota. Lakini mwenye hela ya usiku mbili kwenye hema la ndoto, achukue hema la kawaida lililo karibu na mto, alale usiku nne. Karibu na mto! Wengine tunatoa mchango wa sendofu, kicheni pati, harusi na ubarikio bila kuuliza ukumbi uko umbali gani, kisha tunasema mbuga ni za wazungu. Nani aliyetufundisha? Mimi nilikaa miaka 38 nje ya lango la Ndabaka, hakuna askari aliyenizuia. Watoto wangu nimewaambia wazi: sitaki mtu wa kwenye familia hii aulizwe tena wageni wake wako wapi. Waende wengi mpaka swali hilo life lenyewe.

Mwaka huu wifi amenitumia ujumbe, eti "nitumie namba ya yule wakala." Nimeusoma. Bado natafakari.

Mdogo wangu wa Machi, nisikusahau. Nendeni Ndutu. Hamtaona mto, ila mvua ikiwa haijakatika mtakuta nyanda nzima imejaa mama na ndama wao wenye wiki chache, na duma na fisi wanaowafuata. Kumbukeni Ndutu kwa sehemu kubwa iko chini ya Ngorongoro, kwa hiyo kiingilio cha huko kinalipwa kivyake, na malipo yote yanafanyika kwa kadi au kwa namba ya malipo, si kwa noti mkononi getini. Siku mbili zifanyeni tatu. Na kama roho yako imeng'ang'ania mto, sogezeni sherehe mpaka Agosti. Ndoa ya miaka kumi haichachi kwa miezi mitano.