Kulwa, kuhusu hiyo safari ya Ukerewe

Kulwa mwanangu,

Ujumbe wako wa jana nimeupata. Unasema rafiki yako ana nafasi kwenye mtumbwi wa dagaa Ukerewe, unataka kuacha methadoni, hiyo dawa ya kukutoa kwenye unga wa heroini, uwahi kambini giza lijalo, na unaniuliza: "Mama, mbona hufurahi? Au huniamini?" Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu utanikata kabla sijafika popote.

Kazi naifurahia. Kuacha dawa ghafla ndiko sikukubali. Na kukuamini, nakuamini kwa mengi kuliko mwaka juzi, ila ufunguo wa stoo bado ninao mimi. Hilo unalijua, hatufichani.

Hebu tupige hesabu, baba. Dawa unakunywa kila asubuhi pale hospitali ya Sekou Toure, mbele ya mhudumu. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, watu wanapumzika. Kwa hiyo giza lote uko majini usiku, asubuhi unaanika, na kituo chako kimebaki Mwanza, mpaka upande meli. Siku ya pili au ya tatu arosto ya kukosa dawa inakukuta huko: tumbo linakata, mifupa inauma, makamasi, usingizi hakuna. Na arosto ya methadoni huchukua siku nyingi kuliko ile ya unga. Kambini hakuna nesi. Gongo ipo, na wa kukuletea kete za unga hakosekani.

Hapo ndipo ninapoogopa. Mtu aliyekaa muda bila unga, mwili wake umeshapoteza ule uzoefu. Akirudia kiasi kile kile alichokuwa akipiga zamani, pumzi inakata. Wengi wanakufa siku waliyorudia, si zile siku walizokuwa wakitumia kila siku. Usidhani nakutisha. Muulize daktari wako atakwambia hivyo hivyo.

Hao wa kijiweni wanaokucheka kwamba methadoni ni unga wa serikali, waache. Mimi nameza vidonge vya presha kila siku na hakuna aliyeniita teja wa presha. Tangu uanze kunywa dawa unakula, unalala, na mama yako mdogo sufuria zake zote zipo.

Kuacha kupo, sijasema hakuna. Dozi inashushwa kidogo kidogo, kwa miezi, daktari akiona uko tayari, na wapo wanaoendelea nayo miaka. Ukitaka tukamuone wote, niambie. Usiponiita siji, wewe ni mtu mzima, na hilo faili ni lako.

Nauli ya meli sitatuma. Chakula kipo, kodi ya chumba nitampa mwenye nyumba mkononi kama kawaida. Pesa taslimu bado. Na usimzunguke Doto, ujumbe uliomtumia amenionyesha. Pacha wako anakupenda, lakini naye ana watoto wa kulisha.

Ninachoweza ni hiki. Hapa sokoni Mwaloni nahitaji mtu wa kuchambua na kushindilia magunia. Wateja wa Kongo siku hizi wajanja: anachota dagaa, anasugua viganjani, akisikia mchanga tu bei inashuka palepale. Wale walioanikwa kwenye chanja lazima watengwe na wa mchangani, na wewe jicho hilo unalo tangu mdogo, kuliko hata mimi. Ukishakunywa dawa yako, saa tatu unakuwa umefika. Malipo yako ni kama ya kibarua mwingine yeyote, tena usitegemee upendeleo, wale akina mama wataninyima amani. Yakae kwako, kwenye simu, au kwa Doto, chagua mwenyewe.

Mzigo unashuka Jumatatu. Njoo na buti, huku chini kumelowa. Na ukiamua kwenda Ukerewe hata hivyo, pitia kwanza kwa daktari umwambie, usiondoke kimya.

Mama Kulwa