Vent Vert yako si feki, ni marashi mengine yenye jina lile lile

Dada mleta uzi, umesema mamako alikuwa na Vent Vert ya Balmain tangu zamani, ukamwagizia nyingine kupitia duka moja hapo mjini, naye akanusa akasema "hii siyo". Wengi humu wamekimbilia kumlaumu muuzaji. Mimi sidhani uliibiwa. Feki za Nairobi hufuata kinachouzika: Sauvage na Baccarat Rouge utazipata kutoka Moi Avenue hadi Eastleigh. Vent Vert nani anaiulizia? Hata wale wanaouza marashi ya kupimia kwa mililita hawana.

Marashi yenyewe ndiyo yalibadilishwa. Ya kwanza yalitengenezwa mwaka 1947 na Germaine Cellier, mama aliyetoa pia marashi ya Bandit na Fracas, na hakuna hata moja kati ya hayo lenye aibu. Kiini chake ni galbanum, utomvu wa mmea unaoota Iran, wa ukoo mmoja na mvuje. Kama umewahi kufungua mkebe wa mvuje kwenye duka la viungo pale Ngara, unajua ukoo huo haubishi hodi. Ila galbanum yenyewe hunukia hoho mbichi inapokatwa, na majani yaliyofikichwa, halafu kauchungu fulani kanabaki puani. Cellier hutajwa kuwa alitia takribani asilimia 8. Hicho ni kipimo cha mtu asiyetaka kumpendeza kila mtu, na ndiyo maana naipenda.

Mwaka 1991 mtengeneza manukato Calice Becker akapewa kazi ya kuiunda upya, na 1999 mwenzake Nathalie Feisthauer akaigusa tena. Ukijani ukapunguzwa, maua yakaja mbele. Si mbaya, jamani. Ni safi, inavalika ofisini, hakuna atakayegeuka kwenye matatu. Lakini mamako hakuwa anatafuta kitu cha kutogeukiwa.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba kilichoibadilisha "ni sheria za Ulaya". Hapana, miaka haikubaliani. Lyral, kemikali ya kunukisha, pamoja na atranol na kloroatranol zinazopatikana kwenye ukoga wa mwaloni, ziliondolewa kabisa madukani Umoja wa Ulaya mwaka 2021, na kemikali nyingine ya kunukisha, Lilial, ikafuata Machi 2022. Hizo zimebadilisha marashi mengi kweli. Vent Vert ilikuwa imekwisha kulainishwa miaka thelathini kabla. Soko lilitaka vitu vyepesi. Halafu Cellier alipenda kutumia michanganyiko iliyokwisha kuandaliwa na viwanda vya manukato, na siri ya kila mchanganyiko ilibaki kiwandani. Mmoja ukiacha kutengenezwa, fomula nzima inapwaya.

Sasa usikimbilie mtandaoni kutafuta chupa kuukuu. Mimi ninayo moja, nilirithi kwa shangazi. Ni ya kizibo cha kioo, na ndani imekuwa kama chai ya rangi. Nikiipaka kwenye kifundo cha mkono, mwanzo wake ni wa kuchacha: limau na bergamoti zimekufa, galbanum imefifia. Nikivumilia kama dakika ishirini ndipo waridi na ukoga wanajitokeza, na hapo ni tamu ajabu, ya giza na unyevu. Lakini ule ukali anaoukumbuka mamako ndio sehemu inayokufa kwanza. Utalipa hela ndefu kwa nusu ya pili ya hadithi. (Na kama bado ana tone, litoke kwenye meza ya kioo karibu na dirisha, liingie kabatini. Bafuni usithubutu, mvuke na joto huyaharibu.)

Ningekuwa wewe, hiyo mpya ningeivaa mwenyewe bila kuilinganisha, na mama ningemtafutia Chanel No. 19, kazi ya Henri Robert. Nayo imebadilishwabadilishwa, lakini bado inaanza na galbanum, kisha mizizi ya iris inaleta ubaridi wa poda. Mpeleke dukani anuse mwenyewe, kwenye ngozi siyo kwenye karatasi, mzunguke kidogo kabla ya kulipa. Na siku hiyo asijifukize udi.