Kabla Hujaagiza Baiskeli Mpya Nyepesi ya Umeme ya Milimani

Sisi tunaoendesha baiskeli kwenye miinuko ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, tumekuwa tukifuatilia kwa hamu habari za baiskeli nyepesi za umeme za milimani, ambazo kampuni huanza kuzidokeza miezi mingi kabla ya kuzitoa. Wasomaji kadhaa wameniuliza kama inafaa kuweka oda mapema, kusubiri, au kununua baiskeli nzito zilizopo sasa kwa bei iliyoshuka. Ushauri wangu ni kwamba subira hii ina maana, kwa kuwa baiskeli nyepesi inatufaa huku kuliko ile nzito, lakini sababu ya kutufaa si ile inayopigiwa debe kwenye matangazo, na anayeinunua kwa sababu isiyo sahihi ataanza kuilalamikia mapema.

Baiskeli ya umeme ya milimani ya kawaida huwa na uzito wa kilo 22 hadi 25, mota yenye nguvu ya mzunguko (nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa niutoni-mita) ya niutoni-mita 85 au zaidi, na betri ya wati-saa 600 hadi 800, wati-saa zikiwa kipimo cha umeme inaobeba. Nyepesi zilikuja na falsafa nyingine. Specialized Levo SL iliyotoka mwaka 2020 ilikuwa na niutoni-mita 35 na betri ya wati-saa 320 tu, Trek Fuel EXe ya mwaka 2022 ikaja na mota ya kampuni ya TQ yenye niutoni-mita 50 na betri ya wati-saa 360, kisha mwaka 2023 Bosch wakatoa mota ya SX yenye niutoni-mita 55 pamoja na betri ya wati-saa 400. Nyingi za aina hii ziko kati ya kilo 16 na 20. Mwaka 2024 kampuni ya DJI iliwashtua wote kwa mota ya Avinox yenye uzito wa kilo 2.5 hivi na niutoni-mita 105, na tangu hapo kila mtengenezaji anabanwa atoe baiskeli nyepesi isiyopungukiwa nguvu. Ndiyo maana matarajio ya toleo lolote jipya yamekuwa makubwa.

Tufanye hesabu kwa kilima tunachokijua. Kutoka mjini Mbale kupanda Wanale, tuseme unapanda mita 1,000. Mwendeshaji wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo 18 anahitaji takriban wati-saa 250 za kazi halisi kuinua uzito huo hadi juu, bila kuhesabu msuguano wa matairi kwenye murramu. Mota ikibeba nusu ya kazi na miguu yako ikabeba nusu, basi baada ya upotevu wa ndani ya mota betri itatoa kama wati-saa 160 au 170. Kwa hiyo betri ya wati-saa 360 inakufikisha juu na kukubakizia akiba, mradi usiweke msaada kwenye kiwango cha juu kabisa tangu unapoanza kupanda. Sasa fanya hesabu ileile kwa baiskeli ya kilo 24. Utaona kwamba kilo sita zilizoongezeka zinaongeza kama asilimia 6 tu ya kazi ya kupanda, kiasi ambacho mota haihangaiki nacho. Mota ikiwa inafanya kazi, basi, wepesi hauleti tofauti kubwa hata kidogo kwenye mlima.

Tofauti inaonekana mota inapozimika. Mwenzangu mmoja hapa Mbale alileta kwa kontena baiskeli nzito ya aina ile, nzuri sana, na msimu wa mvua tulikwenda nazo upande wa Bududa, yeye na yake ya umeme, mimi na yangu ya kawaida. Udongo wa kule ni mfinyanzi mwekundu unaonata kwenye tairi na kujazana kati ya gurudumu na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na ukiwa umewasha mota, yenyewe inaendelea kulazimisha na kumaliza betri. Tulipofika kwenye kijito betri ilikuwa imekwisha. Daraja lilikuwa magogo mawili yanayoteleza, kwa hiyo ilibidi tuibebe watu wawili, mmoja ameshika uma wa mbele na mwingine fremu chini ya kiti, pamoja na kilo kadhaa za tope. Mwenye bodaboda tuliyempigia simu alipofika aliinyanyua mara moja, akairudisha chini na kusema, “Wazee, hii tafuteni pikapu.” Baiskeli yangu aliifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tyubu bila kuuliza chochote.

Hiki ndicho kipimo ninachokupendekezea. Uliza kwanza ile baiskeli mpya inaendeshwaje ikiwa haina umeme kabisa. Baadhi ya mota ndogo, ikiwemo ile ya TQ, hazileti mkokoto unaohisika zikizimwa, yaani haziufanyi mguu ukazane kuizungusha mota iliyozimika, hivyo unarudi nyumbani kama mwenye baiskeli ya kawaida iliyo nzito kidogo tu. Jambo hilohilo linakuhusu hata kwenye lami, kwa sababu mota zinazofuata sheria za Ulaya huacha kusaidia ukifikisha kilomita 25 kwa saa, na barabara tambarare ya kutoka Mbale kuelekea Kumi utaimaliza kwa nguvu zako mwenyewe. Ujue pia kwamba baadhi ya mota ndogo hupenda miguu inayozunguka haraka. Ukizoea kukanyaga polepole kwa gia nzito, kama wanavyofanya wengi waliokulia kwenye baiskeli zisizo na gia, hutaipata nguvu yake yote, na afadhali uanze kujizoeza sasa kutumia gia nyepesi kabla baiskeli haijafika.

Kuhusu umeme, hapa baiskeli nyepesi inashinda waziwazi, na nashangaa kwamba jambo hili halizungumzwi. Kujaza betri ya wati-saa 400 kutoka kwenye umeme wa gridi hakufikishi gharama ya shilingi 500 za Uganda, kwa hiyo bei ya umeme isikusumbue. Kinachosumbua ni umeme kukatika jioni ile uliyokusudia kuchaji. Wengi wetu tuna sola nyumbani, na betri ya sola ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ile ya asidi haipendi kutumiwa zaidi ya nusu, yaani 600. Ukihesabu upotevu wa inveta na chaja, betri ya baiskeli ya wati-saa 400 itakula zaidi kidogo ya 500, kwa hiyo inatosha. Betri ya wati-saa 750 itahitaji karibu 1,000, nawe utakuwa unaiua betri yako ya sola ili uende matembezi. Inveta iwe ya mawimbi laini kama ya umeme wa gridi, kwa sababu zile za bei rahisi huweza kuharibu chaja.

Suala la kuileta nchini ndilo gumu kuliko yote. Watu hudhani watamwomba ndugu aliyeko London au Toronto aje nayo kwenye ndege kama mzigo. Haiwezekani. Kanuni za usafiri wa anga zinamruhusu abiria betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100, au hadi 160 kwa kibali cha shirika la ndege, na betri kuu ya baiskeli ya umeme ya milimani inapita kiwango hicho kwa mbali. Fremu inaweza kuja kwa ndege, lakini betri itakuja kama shehena hatarishi yenye nyaraka zake, ama kwa meli hadi Mombasa na kisha kwa barabara kupitia mpaka wa Malaba au Busia. Kabla hujalipa, omba makadirio ya ushuru kutoka Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) kwa maandishi ukiwapa bei kamili pamoja na usafiri, maana thamani ya nauli nayo huingizwa kwenye hesabu. Ikikaa bandarini kwa muda mrefu, betri iwe imejazwa karibu nusu, kwa sababu lithiamu huzeeka haraka ikihifadhiwa imejaa kabisa kwenye joto, na ikihifadhiwa tupu inaweza isiamke tena.

Fundi wangu karibu na soko la Mbale anaweza kunyoosha ringi kwa macho, kubadilisha spoku na kurekebisha gia vizuri kabisa. Nilipomwonyesha picha ya mota iliyofunguliwa, aliitazama kwa makini, akasema, “Mzee, cheni na breki niachie mimi, lakini hii inataka kompyuta.” Yuko sahihi. Hitilafu nyingi za mota hizi husomwa kwa programu ya mtengenezaji, na mara nyingi mota nzima hubadilishwa badala ya kufunguliwa. Kwa hiyo mimi sinunui toleo la kwanza la mota mpya kabisa, hata liwe jepesi namna gani. Nasubiri angalau mwaka, waendeshaji wa nchi zenye maduka ya kampuni wagundue kasoro zake, na programu isahihishwe. Mota ambayo imekwisha kutumika kwenye baiskeli za kampuni nyingi ni salama zaidi, kwa kuwa vipuri vyake hutengenezwa kwa wingi.

Katika fremu nachagua alumini, ingawa inaongeza kilo moja au mbili juu ya ile ya kaboni. Baiskeli zetu hufungwa juu ya matatu kwa kamba, hulazwa kwenye mawe, hugongana na mitungi, na ufa wa kaboni huwezi kuuona kwa urahisi. Na ukiosha tope la Elgon tumia ndoo na brashi. Vijana wa kuoshea magari wana nia njema, lakini pampu yao husukuma maji hadi ndani ya beringi za mota na kwenye tundu la kuchajia.

Kwa aliyekwisha kuamua kuweka oda, mwandikie muuzaji sasa umuulize mambo matatu: kama betri itauzwa peke yake na kwa miaka mingapi, kama udhamini unatambulika baiskeli ikiwa Uganda, na ni nani atakayelipia usafiri wa mota ikibidi irudishwe kiwandani. Majibu yakija kwa maandishi, lipa amana. Yasipokuja, bakia na baiskeli yako ya kawaida na uulize tena toleo litakapokuwa limefika madukani.