Shangazi Anajibu: Maji ya kufulia yanaishia wapi?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu wa hoteli za hapa Kigoma, na nimeziweka mbele ya nyingine zote kwa sababu kazi hiyo naijua kwa mikono. Nilianza kufua shuka mwaka 1996, nikawa mhudumu wa vyumba, nikamaliza nikiwa msimamizi wa usafi. Miaka 23 ya sabuni, jiki na funguo za vyumba. Basi tuongee.

Shangazi, shikamoo. Nasimamia hoteli ya vyumba 22 upande wa Bangwe. Siku hizi wageni wanaokwenda Gombe wananiuliza kama hoteli yetu inajali mazingira, na kampuni moja ya utalii imenitumia fomu ya kurasa nne nijaze. Bosi ametenga fedha, si nyingi. Anataka tununue paneli za sola tuziweke kwenye paa la upande wa barabarani, zionekane. Nianzie hapo?
*Meneja, Bangwe*

Marahaba, mwanangu. Sola nitaifikia. Ila kabla hujapanda kwenye paa, zunguka kwanza nyuma ya jiko, umwambie fundi akufunulie karo la maji taka. Lilinyonywa lini mara ya mwisho? Lina vyumba viwili, au ni shimo tu lililozibwa kwa zege? Na maji ya dobi, yanaingia humo humo au yana bomba lake linaloishia korongoni?

Nauliza kwa uchungu. Katika hoteli yangu ya kwanza, ambayo sitaitaja, maji ya kufulia yalipita kwenye mfereji nyuma ya ukuta, yakakatiza migomba ya jirani na kumwagika ufukweni. Siku za kuloweka shuka kwenye jiki harufu ilitufikia hata sisi tuliozoea. Kule chini alikuwako mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa. Asubuhi moja akapanda hadi mlango wetu wa nyuma, ungo mkononi, akaniuliza kwa upole kabisa: "Dada, haya maji yenu mnayapeleka wapi?" Nikamjibu yanakwenda ziwani. Akaniambia, "Na ziwani ndiyo wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Nililipeleka swali lake kwa mwenye hoteli, naye akasema ziwa ni kubwa.

Ni kubwa kweli. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi, duniani inazidiwa na Baikal peke yake, na nchi nne zinachota humo. Lakini mto unaotoa maji ziwani ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi zaidi huondoka kwa jua, yanapanda kuwa mvuke, na mvuke haubebi sabuni wala mafuta ya kukaangia. Hivyo vinabaki. Wanasayansi wanahesabu kuwa maji yakishaingia humu hukaa mamia ya miaka. Kuna jambo lingine nililojifunza baadaye sana: chini ya mita 200 hivi hakuna oksijeni. Dagaa, migebuka, kuhe, na wale samaki wadogo wa mawe ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani, wote wanaishi kwenye tabaka la juu tu. Ukubwa aliousema bosi wangu ulikuwa wa maji yasiyo na samaki.

Kwa hiyo, Meneja, fedha ya kwanza iende chini ya ardhi. Karo liwe na vyumba viwili, uchafu mzito utue cha kwanza, maji yaliyotulia yapite cha pili, kisha shimo la kunyweshea ardhi, mbali na ufukwe na mbali na kisima cha mtu. Linyonywe kila miaka mitatu hadi mitano, hata kama halijafurika. Jikoni weka mtego wa mafuta kabla maji hayajaingia kwenye bomba. Ni kisanduku tu cha zege chenye ukuta wa kati, mafuta yanaelea juu, unayachota kila wiki. Waambie wahudumu wapunguze jiki, kwa sababu jiki inayoua vijidudu vya chooni inaua pia vijidudu vya kwenye karo, vile vinavyomeng'enya uchafu. Maji ya dobi, ukiwa na nafasi, yapitishe kwenye kitalu cha kokoto kilichopandwa matete, au yapeleke kwenye migomba. Mchicha na nyanya, hapana.

Na kwa kuwa uko Bangwe: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kama bosi ana wazo la vibanda vya ufukweni, mwambie achukue futi kamba kwanza.

Sasa sola. Nakubaliana na bosi, ila aanze na sola ya kupasha maji kabla ya ile ya kuwasha taa. Fanya hesabu hii kwenye LUKU yako. Hita ya lita 50 ikipandisha maji kutoka nyuzi 25 hadi 60 inakula yuniti 2. Vyumba 22 vikijaa, ni yuniti 44 kwa siku, kabla hujawasha feni hata moja. Na hita zinazoachwa usiku kucha zinapasha maji, yanapoa, zinapasha tena, mgeni kalala. Jua la Kigoma, kuanzia Mei mpaka Oktoba, linaweza kubeba karibu kazi yote hiyo. Masika hita za umeme zitasaidia. Ukikosa fedha za kununua mtambo mwaka huu, weka ratiba: hita ziwashwe saa kumi na moja alfajiri, zizimwe saa tatu, kisha jioni tena.

Bomba la mvua lipime kwa ndoo. Ndoo ya lita 10 ikijaa ndani ya dakika moja, badilisha kichwa cha bomba utafute cha lita 7 au 8. Matangi ya vyoo vya zamani humwaga lita 9 au zaidi kila mara; jaza mchanga chupa ya lita moja na nusu, ifunge, itumbukize humo, umeokoa lita moja na nusu kila mtu akivuta. Halafu tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi, usubiri nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli bila mtu kuvuta, choo hicho kinavuja usiku na mchana.

Fomu ijaze kwa ukweli. Panapostahili "bado", andika bado. Na ukishajua bomba la dobi linaishia wapi, niandikie.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mhudumu wa vyumba. Tumeletewa kadi za Kiingereza za kuweka kitandani, zinamwambia mgeni atumie taulo tena ili kuokoa dunia. Mgeni mmoja kutoka Dodoma amenifokea kwamba tunambania usafi alioulipia. Na tangu kadi zije, wafuaji wawili wamepunguzwa kazi. Hivi hii ni mazingira au ni hela?
*Binti wa Mwanga*

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kufokewa. Swali lako lina umri mkubwa kuliko wako. Mwaka 1986 Mmarekani mmoja, Jay Westerveld, aliandika juu ya kadi kama hizo alizoziona kwenye hoteli kule Fiji. Hoteli ilikuwa inamwomba mgeni aokoe mazingira kwa taulo, na wakati huo huo inajitanua na kujenga. Ndiye aliyeipa tabia hiyo jina la Kiingereza linalotumika hadi leo, "greenwashing". Kwa Kiswahili mimi naiita kujipaka kijani.

Hata hivyo kadi yenyewe si uongo. Shuka isiyofuliwa ni maji yasiyochafuliwa, hakuna ubishi. Kinachofanya iwe uongo ni pale hoteli inapoishia kwenye kadi, na pale akiba inapotoka kwenye mshahara wa mfuaji. Wale wenzako wawili wangeweza kupewa kazi ya kutenganisha taka, kutunza kitalu cha matete, kushona shuka zilizochanika ziwe foronya. Mweleze meneja wako hivyo, ikibidi mpe gazeti hili asome mwenyewe.

Kuhusu mgeni wa Dodoma, mwelewe. Kwetu shuka safi ni heshima anayopewa mgeni. Kwa hiyo kwanza kabisa: mgeni mpya, shuka mpya na taulo jipya, bila mjadala, hata kama aliyetangulia alilala saa mbili tu. Maombi ni kwa anayekaa siku ya pili na ya tatu. Na aombwe vizuri. Watafiti wa Marekani waliwahi kulinganisha maneno ya kadi hizi, wakachapisha mwaka 2008. Kadi ya kawaida, ya kuomba watu wasaidie mazingira, ilifuatwa na wageni kama 35 katika kila 100. Iliyosema kwamba wageni wengi wa hoteli hiyo wanatumia taulo tena ikapata 44. Na iliyosema wengi waliolala chumba hiki hiki hufanya hivyo ikafika 49. Mtu anapenda kujua wenzake wamefanyaje.

Mimi ningeandika kwa Kiswahili, kama hoteli yenu kweli ina wageni wengi wanaofanya hivyo: "Karibu mgeni wetu. Wengi wanaolala hapa hutumia taulo moja kwa siku mbili. Ukiridhika nalo, litundike. Ukitaka jipya, liache sakafuni, tutakuletea. Maji tunayofulia yanarudi kwenye ziwa unaloliona dirishani."

Ila pawepo na mahali pa kulitundika! Nimeona vyumba vyenye kadi nzuri na havina hata msumari. Masika taulo lililokunjwa bafuni linanuka kabla ya jioni, na hapo mgeni ana haki ya kufoka.

Shangazi, mimi ni mpishi. Hoteli yetu inapika kwa mkaa, magunia manne kwa wiki. Nasikia umekatazwa. Na je, samaki nao wanahusika na mambo haya ya mazingira?
*Mpishi, Ujiji*

Katazo lililotolewa liliwalenga wanaolisha watu zaidi ya 100 kwa siku: shule, magereza, kambi na taasisi za namna hiyo. Lakini upepo unavuma upande mmoja. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Usingoje kusukumwa. Kilo moja ya mkaa wa tanuri la udongo inameza kilo sita hadi kumi za kuni, na miti hiyo inakatwa kwenye vilima ambavyo udongo wake ukilegea unaporomoka na mvua hadi kwenye mazalia ya samaki. Ndiyo maana wale wa Taasisi ya Jane Goodall, waliokuja kwa ajili ya sokwe, mwaka 1994 walianza kushughulika na miti na maisha ya vijiji vilivyozunguka Gombe.

Anza na maharage, maana ndiyo yanayomaliza gunia. Yaloweke usiku, upike kwenye sufuria ya presha kwa gesi. Mkaa ubaki kwa kuchoma migebuka tu, kwenye jiko banifu.

Na ndiyo, samaki wanahusika. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, nilihuzunika kusikia jikoni fulani wakijisifu kwamba migebuka haikuwahi kukosekana mezani. Kipindi kama hicho kikija, andika kwenye menyu: ziwa limepumzika. Weka maharage kwa mawese, kuku, kisamvu. Mgeni ataelewa, na akikuuliza utakuwa na la kumsimulia. Siku za kawaida usinunue kuhe wadogo wa kiganja, hata wakiuzwa bei ya kutupa.

Shangazi, chupa za maji za bure vyumbani tuziache?
*Wa mapokezi, Kigoma mjini*

Ziacheni. Mifuko ya plastiki tuliiacha 1 Juni 2019 na hakuna aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Mvua za kwanza zikinyesha nenda Kibirizi uone mifereji inashusha nini. Chemsheni maji au mchuje kwa chujio la uhakika, yawekwe kwenye jagi la kioo lenye kifuniko, na glasi mbili safi. Jagi lioshwe kila siku kwa maji ya moto, si kusuuzwa. Mgeni mwenye wasiwasi mwonyesheni chujio lenyewe lilipo. Nimeona wageni waliokuja na katoni zao wakiziacha garini baada ya kuonyeshwa tu. Anayetaka ya chupa auziwe kaunta, chupa kubwa, na ikiisha irudi kwenu mwapelekee wanaonunua plastiki kwa kilo.