Malezi ya kambo: waombe mafunzo yafike nyumbani kwenu, si kwako peke yako

Mtoa mada yuko Masasi. Yeye na mumewe wamejaza fomu za malezi ya kambo, afisa ustawi wa jamii ameshafika kukagua nyumba, sasa wanasubiri mafunzo. Anauliza mafunzo yenyewe yakoje, na akishakabidhiwa mtoto atasaidiwa na nani. Waliotangulia wamejibu habari za fomu. Mimi nijibu hayo mawili, kwa sababu ni mlezi hapa Mikindani na watoto kadhaa wamepita mikononi mwangu.

Dada, kwanza hili likae sawa. Malezi ya kambo yamo kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na yana kanuni zake za mwaka 2012. Ni tofauti na kuasili. Anayeasili anakwenda Mahakama Kuu, na amri ikitoka mtoto ni wake moja kwa moja. Sisi tunamlea mtoto huku watu wa ustawi wakiendelea kutafuta ndugu zake, au kushughulikia lile lililomtoa kwao. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza unalea ukijua anaweza kurudi kwao, na ikifika siku hiyo ni furaha hata kama utalia. Mkufunzi asipoligusia hilo, mwulize wewe.

Mafunzo niliyopata mimi yalikuwa mazuri, nasema kwa dhati. Tulifundishwa haki za mtoto, kutunza siri za mtoto, kuandika taarifa fupi za maendeleo yake, na kulea bila fimbo wala matusi. Kilichonifaa zaidi ni somo la mtoto aliyeumizwa: kwa nini anaficha ugali chini ya mto wakati chakula kipo, kwa nini anamkumbatia kila mgeni, kwa nini mwingine akiitwa kwa sauti kubwa anajikunja. Ukishajua kwamba ile ni hofu na si ukorofi, hata sauti yako inabadilika.

Shida ni kwamba aliyefundishwa ni mimi tu. Na huku kwetu mtoto halelewi na mtu mmoja. Mimi nafanya biashara ya samaki, alfajiri nimeshatoka. Anayemwamsha mtoto ni mama mkwe, anayemwogesha ni binti yangu mkubwa, na jioni yuko barazani na shemeji zangu. Cheti cha mafunzo kina jina langu, lakini saa nyingi za siku mtoto yuko na watu ambao hakuna aliyewaambia chochote.

Nitakupa mfano mmoja. Tulipokea mvulana wa darasa la kwanza, mpole, na usiku alikuwa anakojoa kitandani. Mama mkwe amelea watoto wake wote vizuri, na alimshughulikia kama alivyoshughulikiwa yeye utotoni: alimbebesha godoro lake mwenyewe, alitoe uani alianike. Watoto wa jirani wakaona, wakaanza kumwimbia kikojozi. Mtoto akaacha kunywa maji jioni. Baadaye akawa hanywi maji tangu mchana, na mwalimu akaniita kusema darasani hafungui mdomo kabisa. Bibi hakuwa na ubaya wowote naye, tena ndiye aliyekuwa akimwekea kipande cha samaki kilichonona.

Sasa nambie, mkwe anaanzaje kumfundisha mama mkwe kulea? Ningetamka lolote ingeonekana nimepata semina nimeota mapembe. Nikampigia afisa ustawi. Alikuja jioni, akaamkia, akakaa mkekani, na hakuanza na semina. Alimwomba bibi amsimulie mtoto analalaje, anaota nini, anaamka saa ngapi. Bibi alizungumza kwa muda mrefu. Kisha afisa akamweleza, kwa maneno ya kawaida, mtoto aliyepitia vitisho mwili wake unavyokuwa usiku. Bibi akauliza, "Kwa hiyo si uvivu?" Akajibiwa, "Si uvivu, bibi. Ni hofu, na wewe ndiye uliye karibu naye zaidi."

Basi. Kesho yake bibi alinunua nailoni ya kufunika godoro, akamhamishia mtoto chumbani kwake, na kila akiamka usiku kwa swala anamwamsha naye akakojoe. Asubuhi shuka lilifuliwa kimyakimya kabla wenzake hawajaamka. Tulimpeleka pia kituo cha afya akapimwe mkojo, na wewe usiruke hatua hiyo, kwani huenda ni maambukizi, au kichocho, ambacho kipo ukanda wetu. Haikuisha kwa wiki moja. Ila mtoto alianza tena kunywa maji, na shuleni akaanza kujibu.

Ndiyo maana nakushauri, kabla mtoto hajaletwa, mwombe afisa wako aje nyumbani mchana mmoja azungumze na kila anayelala humo, pamoja na jirani utakayekuwa unamwachia mtoto. Wasifundishwe kanuni. Waambiwe mambo machache tu: haadhibiwi kwa kupigwa, hatangazwi, haulizwi mbele za watu kwao ni wapi wala mama yake yuko wapi. Mkubaliane pia jibu la kuwapa watu wa kibarazani watakaouliza huyu mtoto wa nani. Kama ana umri wa kuelewa, jibu hilo mtungeni naye.

La pili, ambalo halikuguswa kabisa kwenye mafunzo, ni jando na unyago. Mkufunzi wetu alitoka mbali, simlaumu. Lakini Mtwara na Lindi huwezi kulea mtoto wa miaka kumi, kumi na mbili, ukalikwepa. Nilikuwa na binti wa darasa la sita. Likizo ya Desemba ilipokaribia, majirani wakawa wananiuliza atachezwa lini, na mmoja alishakwenda kuzungumza na manyakanga, wale wasimamizi wa unyago, bila kunishirikisha, kwa nia njema. Msimamo wangu ni kwamba hilo si la mlezi kuamua, ama kwa kukubali ama kwa kukataa. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mtoto wa kambo naye ana mjomba mahali, hata kama bado hajapatikana. Nilipeleka suala kwa afisa, akamtafuta mjomba mpaka akampata Newala. Walikubaliana binti amalize kwanza la saba, na mambo ya mila yasubiri atakapokuwa mikononi mwa ndugu zake. Na kwa njia hiyo mjomba akaanza kuja kumwona, likizo iliyofuata akaja na shangazi. Nyinyi mnaopewa watoto wa umri huo ulizeni mapema, msingoje ngoma ianze kulia.

Kuhusu msaada baada ya kukabidhiwa. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2009 miongozo ya malezi mbadala ya watoto, na imesema wazi kwamba walezi waandaliwe na wapewe msaada na ushauri mara kwa mara: kabla ya kupokea mtoto, akiwa nao, na baada ya kuondoka. Imehimiza pia walezi wawe na vyama vyao. Nilivyoona mimi, kabla ya kupokea tunaandaliwa, akiwa nasi tunakumbukwa likitokea jambo, na baada ya kuondoka hakuna anayekuja kuuliza mlezi ana hali gani. Afisa wetu ana moyo sana, ila kata zake ni nyingi na usafiri ni wa kuomba. Huwezi kumtegemea yeye peke yake.

Kilichotubeba ni kikundi chetu cha walezi. Hakuna mfadhili aliyekianzisha. Tulipeana namba siku ya mwisho ya mafunzo, na tangu hapo tunakutana kila mwezi, nyumba kwa nyumba, na watoto wanacheza pamoja. Tuna mfuko mdogo kama wa vikoba, na pesa yake ya kwanza ni nauli ya dharura ya kumfikisha mtoto Ligula, hospitali ya mkoa wa Mtwara, usiku. Tunapokezana pia: mmoja akifiwa au akiugua, mtoto anakwenda kwa mlezi mwingine wa kikundi ambaye ustawi wanamtambua, na afisa anaarifiwa kwanza. Usimpeleke mtoto kwa dada yako tu kwa sababu ni dada yako. Kikubwa kuliko vyote, kuna mtu wa kumpigia saa nane za usiku mtoto anapopiga kelele za ndoto, mtu ambaye hatakwambia mrudishe. Kama Masasi hakuna kikundi, waombe ustawi wakukutanishe na walezi wengine wa wilaya yenu. Hata mkiwa watatu inatosha kuanzia.

Pesa, kwa ufupi: mimi sijawahi kulipwa posho ya kulea, na usiingie ukiitarajia. Piga hesabu ya mwaka mzima. Mnada wa korosho unaanza Oktoba na nyumba nyingi zinapumua, lakini mtoto anakula na Machi pia. Mtoto wa chini ya miaka mitano kisera anatibiwa bure, na shule haina ada, ila sare, madaftari na dawa zinazokosekana kituoni ni vyako. Mweleze afisa ukweli wa kipato chenu. Ni afadhali mpewe mtoto mmoja mkamudu.

Siku ya makabidhiano dai karatasi: barua ya kukukabidhi mtoto, kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa au maelezo kimefikia wapi, na uhamisho wa shule. Toa nakala uhifadhi, kwa sababu maafisa wanahamishwa na mrithi wake ataanza kukuuliza upya. Namba 116, simu ya bure ya mambo ya watoto, iwe kwenye simu zenu wote wawili.

Umeandika kwamba mumeo anafanya kazi Nachingwea, anarudi mwisho wa mwezi, na unafikiri uende mafunzoni peke yako kisha umsimulie. Hapana, dada. Mwombe afisa apange tarehe ambayo yupo, au mumeo aombe ruhusa kazini kwa barua ya ustawi. Ikishindikana kabisa, sogezeni mbele siku ya kumpokea mtoto mpaka naye apate mafunzo.